Wazee wa zamani waliishi sana? Nimehesabu makaburi nyuma ya nyumba ya bibi, Buhigwe

Mjukuu wa Buhigwe (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kijijini, wilaya ya Buhigwe, Kigoma, kumzika baba mdogo. Alikuwa na miaka 54. Asubuhi alitoka kwenda kupunguzia migomba, akarudi ameshika mkono wa kushoto, mdomo umepinda. Jua halijazama, hasemi tena. Kiharusi. Tulipofungua vitu vyake hatukukuta kidonge hata kimoja wala cheti cha hospitali. Hakuwahi kupima presha maisha yake yote.

Usiku, tumezunguka moto, maongezi yakaelekea kule yanakoelekea kwenye kila msiba siku hizi. Wazee wetu walikula vya asili, wakafika miaka tisini, mia. Sisi tunamalizwa na mafuta ya madukani na soda. Kila mtu akaitikia. Na mfano ulikuwepo palepale, bibi yangu, mama wa marehemu, aliyefariki 2016 akiikaribia tisini, meno yake kinywani. Chakula chake kilikuwa ugali wa muhogo na maharage, sombe (kisamvu) yenye mawese, na dagaa pale mtu akipita kutoka ziwani.

Kesho yake nikawa miongoni mwa vijana waliochimba. Kwetu tunazikana nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kaburi la babu lipo, la bibi lipo. Pembeni kuna mawe yamepangwa viduara vidogo vidogo, matano. Nimeyaona tangu nikiwa mtoto, tulikatazwa kuyakanyaga, basi. Sikuwahi kuuliza. Safari hii nikamuuliza shangazi. Akaniangalia kama mtu anayeshangaa kwamba sijui, akasema, "Hao ni baba zako na shangazi zako."

Bibi alizaa tisa. Watano wako pale. Hakuna hata mmoja aliyefikisha miaka mitano.

Nimerudi mjini sijatulia. Usiku kucha tulimtaja bibi kama ushahidi kwamba watu wa zamani waliishi sana, na watoto wake watano wamelala hatua kumi kutoka pale tulipokaa, hakuna aliyewahesabu. Tunahesabu aliyebaki tu.

Nimesoma kidogo. Tulipopata Uhuru, umri wa kuishi wa Mtanzania kwa wastani ulikuwa miaka arobaini na mitatu, minne hivi. Sasa umevuka 65. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya miaka mitano. Ule wa 2004/05 ukasema 112, wa 2015/16 ukasema 67, wa 2022 ukasema 43. Hiyo 43 bado ni misiba mingi, lakini tazameni tulikotoka.

Ninachotaka tujadili ni hiki: ni nini hasa kilichotuongezea miaka, na chakula chetu cha huku Kigoma kimechangia upande upi? Na kwa nini baba mdogo, aliyeponyoka utotoni mle walimoishia wenzake watano, amekuja kuondoka akiwa na 54?

Naomba kuwasilisha.

---

Mzee wa Kalinzi

Pole sana kijana wangu kwa msiba. Mungu amlaze pema.

Lakini mimi nina miaka 71 na nakupinga. Sisi tulikwenda shule kwa miguu, kisimani kwa miguu, sokoni Kigoma na mzigo wa ndizi kichwani, tunalala njiani. Sukari tuliionja sikukuu. Tulikula mihogo, magimbi, maharage, viazi, ndizi za kupika, na mboga hatukununua. Presha ilikuwa neno la redioni. Leo kijana anapanda bodaboda kwenda dukani, hatua mia mbili. Mchana chipsi, jioni chipsi. Ndugu wa rika langu hapa Kalinzi wako wengi na wanalima kahawa mpaka sasa. Hilo nalo utaliitaje?

---

Hesabu Kwanza

Shikamoo mzee. Naomba niseme kwa heshima.

Chukua watoto kumi wa kijiji kimoja. Wanne wafariki wakiwa na mwaka mmoja. Sita waliobaki wafike 70 wote. Jumlisha: nne, na mara sita ya sabini ni 420, jumla 424. Gawa kwa kumi unapata 42.4. Hapo umepata kijiji chenye umri wa kuishi wa miaka 42 ambacho wazee wake wote wamefika 70! Ukitembelea kijiji hicho utaona wazee tu, utasema hapa watu wanaishi sana, na takwimu itasema wanaishi 42. Wote wawili mko sawa. Mzee anasema kweli anapowataja wenzake wa Kalinzi, na mleta mada anasema kweli kuhusu mawe yake matano.

Ndiyo maana mtoto mmoja akiokolewa wastani unapanda kuliko mzee akiongezewa miaka mitano. Miaka tuliyoiongeza mingi imetoka kwenye vitanda vya watoto.

Halafu tusisahau kulikuwa na kurudi nyuma. Miaka ya tisini wastani uligoma kupanda na sehemu nyingine ukashuka, kwa sababu ya UKIMWI, ambao ulichukua watu wa miaka 25, 30, 40. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure 2004, zikasaidia sana mstari kunyanyuka. Hilo halikuwa suala la chakula hata kidogo.

---

Nesi wa Uvinza

Pole mleta mada. Uzi huu umenigusa, nitaandika kirefu, mnisamehe.

Nafanya kazi zahanati moja ya vijijini wilaya ya Uvinza, mwaka wa kumi na moja huu. Kinachonisumbua kwenye mjadala wa "vya asili" ni kwamba watu wanadhani njaa na maradhi ni vitu viwili. Mimi nikiwa kazini naviona vinaingia mlangoni vimeshikana mikono.

Mama anakuja na mtoto wa miezi kumi na tano. Uzito kwenye kadi umelala tangu akiwa na miezi saba. Ukimuuliza anakula nini, anajibu kwa fahari kabisa kwamba anakula vizuri, anashiba. Uji wa muhogo asubuhi, ugali wa muhogo na mchuzi wa maharage mchana, ugali usiku. Ule mchuzi, maharage yenyewe wanakula wakubwa, mtoto anachovyewa maji yake. Muhogo unashibisha, sina ugomvi nao, umewavusha Waha kwenye kila ukame. Lakini una wanga karibu mtupu. Protini yake ni kidogo sana. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza uji mwepesi wa muhogo, hakuna nafasi ya kitu kingine.

Mtoto huyo akipata malaria, damu inashuka. Akipata kuharisha, kile kidogo kilichomo kinatoka. Akipona hana hamu ya kula, na mwezi ujao homa imerudi. Sasa surua au kichomi vikimkuta hapo, hana cha kupigania. Kwenye cheti tutaandika nimonia. Kilichomfungulia nimonia mlango hakiandikwi.

Mwaka 2017 utafiti wa malaria wa taifa uliukuta mkoa wetu wa Kigoma ukiongoza nchi nzima, watoto 24 katika kila 100 walikutwa na vimelea. Utafiti wa 2022 ulikuta watoto 59 katika kila 100 nchini wana upungufu wa damu. Hapo unganisheni wenyewe mbu na sahani.

Na msidhani udumavu ni wa mikoa yenye njaa. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ile inayolisha nchi mahindi. Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto. Ghala limejaa na mtoto amedumaa, kwa sababu alipewa mahindi matupu, na mama yupo shambani kutwa, anayemlisha ni dada yake wa miaka saba.

Sasa kilichowaokoa hawa wa leo ambao bibi yako hakuwa nacho, nakutajia ninavyoviona. Chandarua chenye dawa. Kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto pale kijijini. Zamani mtoto akishikwa na degedege alipelekwa kufukizwa, ikadhaniwa ni mdudu au shetani, kumbe malaria imepanda kichwani. Wapo bado wanaofanya hivyo, lakini wamepungua mno. Chanjo ya surua, na tangu 2013 chanjo za kuharisha na za kichomi. Matone ya vitamini A kila mwezi Juni na Desemba, na dawa ya minyoo. Mama kujifungulia kituoni.

Bibi yako hakukosea mapishi. Alikuwa mwanamke hodari asiye na chandarua wala chanjo, anazaa kila mwaka wa pili na analima akiwa na ujauzito. Naomba msimlaumu.

---

Mjukuu wa Buhigwe

Dada Nesi, ahsante. Sehemu ya mwisho nimeisoma mara tatu. Nitampigia shangazi nimsomee.

---

Mama Dagaa Kibirizi

Habari zenu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa mwalo wa Kibirizi, nasema ninachokiona.

Dada Nesi amesema muhogo una protini kidogo sana. Dagaa ambao wangemjenga mtoto, wanapita mbele yetu. Vipe, boti za kuvulia dagaa, vikirudi alfajiri, dagaa wanaanikwa, wakikauka wanafungwa, wanapanda treni na malori. Dar, Mwanza, Zambia, Kongo. Dagaa wa Kigoma ni mtamu, hana mchanga akianikwa kwenye kichanja, bei yake huko ni nzuri mno. Mama wa Kasulu anayetaka kikombe kimoja cha kuunga mboga anashindana na mnunuzi wa Kariakoo. Atashinda vipi? Ananunua vumbi la chini ya gunia au anaacha.

Nawaambia wateja wangu wa hapahapa: chukua kikombe kimoja, mtwangie mtoto, weka kwenye uji. Dagaa analiwa mzima, mifupa na kichwa, ndimo nguvu ilimo. Wengine wanaona aibu, wanasema dagaa ni chakula cha maskini, mwanangu nitampa biskuti.

Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Kwa upande wa samaki ilikuwa na maana, hata sisi tuliona walivyokuja baadaye. Ila miezi ile jikoni palikuwa pagumu, kwangu na kwa majirani.

---

Hesabu Kwanza

Mama Dagaa umegusa jambo zito. Watafiti wa Ziwa Tanganyika wameonyesha muda mrefu kuwa maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki na yale ya chini yenye virutubisho, kwa hiyo chakula cha dagaa kinapungua. Kwa hiyo hata ziwa likilindwa na kila mvuvi, joto nalo linapunguza sahani ya mtoto wa Kasulu.

---

Simbo Mawese

Naongeza kuhusu mawese, maana naona yametajwa mara moja tu na mimi ndiyo kazi yangu.

Mawese yetu mekundu, ule wekundu ndio dawa. Ni rangi ileile ya karoti, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mtoto. Kijiko kimoja kwenye sombe au maharage ya mtoto ni kitu kikubwa. Tatizo ni upishi wa mjini. Watu wanayaweka jikoni yanachemka mpaka moshi unajaa nyumba, yanageuka meupe, wanasema sasa yamekuwa safi kama ya dukani. Umeunguza kilichokuwa na faida, umebakiwa na mafuta mazito. Msiyaunguze. Yatie yakiwa mekundu.

Ila nisiwadanganye kwa sababu nayauza. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoganda, na mtu mzima mwenye presha au tumbo kubwa akiyamwaga kila siku anajiumiza. Kwa mtoto aliyekonda ni baraka, kwa baba wa miaka hamsini anayekaa dukani kutwa ni vijiko vya kuhesabu.

---

Mnyamwezi wa Usoke

Nawasalimu kutoka Tabora. Mmesema Kigoma mliongoza kwa malaria 2017. Mwaka 2022 ni sisi, Tabora, watoto 23 katika kila 100. Sijui kwa nini hili halipigiwi kelele.

Nataka niseme la tumbaku. Huku kwetu Urambo, Kaliua, Sikonge, mwaka wa familia unaendeshwa na tumbaku. Watu wazima wakumbuke kuwa Urambo ni mojawapo ya sehemu ambako Waingereza walileta ule mradi wao mkubwa wa karanga miaka ya 1940, ukafa. Tumbaku ndiyo ikashika. Karanga zingeshindikana kuuzwa tungezila. Tumbaku ukikosa bei unaitazama tu.

Msimu wake ni mrefu, tangu kitalu mpaka kukausha kwenye mabani, vibanda vya moto. Mama yupo shambani na mtoto mgongoni, moshi wa bani anauvuta yeye na mtoto. Shamba la mahindi linapaliliwa kwa kuchelewa, karanga na njugu zinapewa kona. Pesa inaingia mara moja kwa mwaka, kwa mkupuo, mkononi mwa baba. Mwezi ule nyumba inakula nyama na wali, pikipiki inanunuliwa. Kufikia Januari na Februari, mvua imeshika na mbu wamejaa, ndiyo wakati debe halina kitu na malaria iko juu kabisa. Njaa na homa zinakuja mwezi mmoja.

Bibi zetu walikuwa na akiba ya michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, unavitunza mpaka masika. Matobolwa na karanga za kuchemsha asubuhi, mtoto anakwenda shule ameshiba kweli. Hapo Mzee wa Kalinzi namuunga mkono. Kuna asili tuliyoiacha ambayo ilikuwa na akili ndani yake, na tumeibadilisha kwa andazi na chai.

---

Mchumvi

Mnasahau chumvi, na mko Kigoma!

Mimi nimekulia Uvinza, kwenye chumvi ya chemchemi inayochemshwa tangu enzi za misafara. Nikiwa mdogo, wanawake wa milimani wenye rovu shingoni walikuwa kitu cha kawaida, unawaona sokoni. Tulidhani ni ukoo. Kumbe ni upungufu wa madini ya joto. Na muhogo unazidisha, kwa sababu muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na mwili ukiigeuza ili kuitoa, kile kinachobaki kinaizuia tezi ya shingo kupokea madini joto. Mama mjamzito akikosa madini hayo, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyopungua, na wengine hawafiki kuzaliwa. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo ikawa sheria chumvi ya kula itiwe madini joto. Rovu zile kubwa sasa unaziona kwa mabibi tu. Watu wamesahau kwamba kuna kitu kilifanyika.

Na hiyo sumu ya muhogo msiichukulie poa. Huko Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, na hawakuwa na samaki wala maharage ya kuusaidia mwili. Miguu ikapooza ghafla, watoto na akina mama ndio wengi. Ugonjwa unaitwa konzo na hauponi. Mtu hafi, ila ulemavu wa miguu unabaki maisha yote, wengine wanatembea na fimbo mbili.

Udaga wa bibi, yaani muhogo uliolowekwa siku tatu nne na kuanikwa, haukuwa ushamba. Ulikuwa uhai. Tatizo ni anayekosa maji au subira. Kama una unga unaoutilia shaka, ulowanishe kwa maji, utandaze mwembamba kwenye mkeka kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inapeperuka, halafu songa ugali siku hiyohiyo.

---

Nesi wa Uvinza

Mchumvi, ubarikiwe. Hilo la kulowanisha unga nitalibandika kwenye ukuta wa kliniki.

Na maji tusiyapite. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji kidogo kimebanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kiliwashika maelfu ya watu ndani ya wiki chache, wapatao 30 wakafariki. Meli ya Liemba ilikuwa inawavusha kwenda Kigoma mjini, wanapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika. Walikuwa wanakunywa ziwa lilelile walilojisaidia, hawakuwa na pengine. Wangekuwa wamekula vizuri namna gani, maji yale yangewaua tu.

---

Binti Ujiji

Mmeongea sana watoto, mimi nizungumzie wakubwa, kwa sababu baba mdogo wa mleta mada hakufa kwa muhogo wala kwa mbu.

Mama yangu ana kisukari, amegundulika akiwa na 49 kwa sababu kidonda cha mguu kilikataa kupona. Ujiji yetu mnaijua. Chai vijiko vitatu vya sukari, vitumbua, mchana wali wa nazi, jioni chapati. Si kwamba tunakula vibaya kwa ujinga. Mgeni akija usipomwekea sukari ya kutosha umemdharau. Nyumba nzima ilibidi ijifunze upya. Mama alilia siku tulipoanza kumpimia ugali kwa mkono.

Utafiti wa nchi nzima wa 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu, na karibu tisa katika kila mia wana kisukari. Wengi wao hawakuwa wanajua. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Sasa Mzee wangu wa Kalinzi, shikamoo, umesema presha ilikuwa neno la redioni. Ilikuwepo. Nani alikuwa na mashine ya kuipima? Babu alianguka shambani, mkasema amerogwa.

Na kuna jambo niliambiwa na daktari wa mama, sijalisahau. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, akadumaa utotoni, akija kunenepa ukubwani ndiye anayepata presha na kisukari kwa urahisi zaidi, maana mwili ulijengwa kwa ajili ya uchache. Kwa hiyo hawa watoto wa Dada Nesi waliopona ndio wagonjwa wetu wa 2050. Baba mdogo alikuwa mtoto wa nyumba iliyozika watano. Fikirieni hilo.

---

Mjukuu wa Buhigwe

Binti Ujiji, umenijibu swali langu la mwisho na nimekaa kimya kwa muda.

Alizaliwa wa nane. Shangazi anasema alikuwa mdogo mno, walimfunika kwa vitambaa akalazwa karibu na moto, hakuna aliyetarajia. Akaja kuwa mtu mkubwa, mnene, anapenda kula, anapenda chumvi. Chumvi aliongeza mezani kabla hajaonja. Sisi tulifurahi kumwona amenenepa, tulisema maisha yamemkubali.

---

Mzee wa Kalinzi

Wanangu, nimesoma yote. Mjukuu wangu amenisomea mengine, macho yanachoka.

Juzi nilikwenda kituo cha afya. Sikuwa naumwa. Nilikwenda kwa sababu ya maneno ya huyu binti wa Ujiji. Wamenipima mara mbili, wakasema 168 kwa 100. Wakaniambia nirudi baada ya siku tatu, nimerudi, 164 kwa 98. Nimeanza vidonge. Yule kijana wa pale akaniuliza nasikia nini, nikamwambia sisikii kitu. Akasema ndivyo ilivyo.

Bado nasimama kwenye langu la kutembea na kula magimbi. Hata yeye amenisifu kwa hilo, amesema bila mguu wangu huu ningekuwa pabaya. Amenikataza chumvi ya kuongeza na kitu kingine cha unga... nimesahau jina, mjukuu ataandika. Ni supu za pakiti zile za viungo, amesema zina chumvi nyingi.

Na kuhusu kuhesabu. Mama yangu alizaa kumi na mmoja. Tumekua sita. Nilikuwa nasema tuko sita, kila mahali, miaka yote. Mke wangu amenisikia nasoma akasema, nyinyi mlikuwa kumi na mmoja, si sita.

---

Nesi wa Uvinza

Baba, hongera kwa kwenda. Vidonge usiviache ukijisikia vizuri, ndipo wengi wanapoangukia. Mleta mada, wewe, ndugu zako wa tumbo moja, na baba yako mzazi, mmepima?

---

Mjukuu wa Buhigwe

Tumepima Jumapili, wote tuliopo mjini, saba. Wawili tuko juu ya 140 kwa 90, mmoja ni mimi. Nina miaka 36. Nimeambiwa nirudi kupimwa tena kabla ya kuamua dawa. Baba nimemtumia nauli, anashuka Alhamisi.

Shangazi pia nimempigia, nikamsomea maneno ya Dada Nesi kuhusu bibi. Akanyamaza. Halafu akaanza kunitajia mmoja mmoja, kwa mpangilio, bila kukosea. Wa kwanza homa, usiku mmoja. Wa tatu na wa nne walikwenda kwa surua, wiki moja. Wa sita alivimba miguu na uso, nywele zikawa nyekundu, walisema amebemendwa. Naona sasa ulikuwa unyafuzi. Wa tisa hakuwa amepewa jina.

---

Mnyamwezi wa Usoke

Nimempigia mama. Bibi yangu wa Urambo, kumi. Walibaki watano. Mama mwenyewe hakujua idadi mpaka alipomuuliza mkubwa wake.

---

Mama Dagaa Kibirizi

Mimi mwenyewe. Sita, ninao watano. Wa pili, 1998, malaria. Angekuwa na mke sasa.

---

Mchumvi

Uvinza, upande wa baba. Nane, walibaki watatu.